Gripi Niliyoitafuta Mwenyewe

Bukavu, Jumapili mchana

Maman mpenzi,

Kabla sijakuuliza habari za nyumba, niseme kwanza neno ambalo sijamwambia mtu, hata padri: gripi iliyomwangusha babu niliileta mimi, tena niliitafuta kwa makusudi.

Sasa nikusalimie. Bunyakiri hamjambo? Mguu wako umepona? Sisi huku tuko. Babu ana nafuu, kwa hiyo usianze kulia.

Ilikuwa hivi. Wiki tatu zilizopita, shuleni walinichagua niseme shairi la Kifaransa mbele ya wazazi, siku ya Ijumaa. Unanijua, maman: hata kuomba chumvi kwa jirani, nazunguka kwanza nyumba yake mara mbili. Mapendo, tunayeketi naye benchi moja, alikuwa na gripi, yale mafua makali, sauti imekwisha kabisa. Nikamwonea wivu. Jumatano nikanywa juisi katika chupa yake, nusu nzima. Lakini ile gripi haikuwa na haraka. Ijumaa nilisema shairi lote nikitazama viatu vya mkubwa wa shule, nikaruka ubeti mmoja. Jumamosi ndipo nikaanza kupiga chafya. Na anayempelekea babu kikombe chake cha maji ni mimi. Nikaendelea kukipeleka.

Jumanne babu akashikwa na homa. Majirani wakaja na ndimu, tangawizi, machungwa. "Kunywa sana, muzee, gripi itoke." Masikini, tangu figo zake zilipokufa anaruhusiwa vikombe viwili tu kwa siku, na machungwa amekatazwa. Niliyala mimi yote, kwa huzuni.

Gripi au hapana, siku ya mashine ya kusafisha damu hairukwi. Nikamsindikiza hospitali. Muuguzi, Maman Chantal, akamvalisha maski na kumlaza pembeni, nyuma ya pazia, asiambukize wenzake, kwa sababu mule ndani hakuna mwenye nguvu ya kupigana na gripi. Akanieleza kwamba maji yasiyotoka mwilini hupanda mapafuni, na kikohozi kikiyakuta huko, pumzi inakatika upesi.

"Muzee, chai nayo iko mayi. Supu iko mayi."

"Na machozi?"

"Ile inatoka. Ulie vile unapenda."

Jirani yake wa mashine siku zote, Papa Deo, muuza maharage wa Cimpunda, akaita toka kitandani kwake: "Mwalimu, ungaliko?"

Kwa kawaida babu hujibu, "Niko. Na wewe ungali mujinga?" Siku ile hakujibu. Muda mfupi baada ya mzaha ule wa machozi pumzi ilikatika, wakamwekea oksijeni. Papa Deo akaita mara tatu, kisha akaanza rozari kwa sauti ndogo. Mimi nilihesabu vigae vya sakafu. Nikipotea, naanza upya.

Pumzi imerudi, maman, na ubishi umerudi nayo. Ila babu ameamua kwamba aliyemwambukiza ni Papa Deo, kwa sababu anasalimia kila mtu kwa mkono. "Mwalimu, ungaliko?" Babu anageukia ukuta. "Huyu mutu alitaka kuniua." Mbaya zaidi, Papa Deo mwenyewe ameamini. Alimletea kilo mbili za maharage kuomba msamaha, na babu akayarudisha. Saa nne nzima wanalala kitanda kwa kitanda bila neno, na watu hawa wawili hawana raha nyingine mule ndani.

Kesho ni siku ya mashine tena. Kila nikitaka kusema, nachukua kikombe chake nakiosha tena. Hata barua hii nimeificha mara tatu chini ya kitabu cha hesabu. Babu aliacha kufundisha, lakini akiona karatasi yenye maandishi, anachukua kalamu yake nyekundu.

Nisalimie nyanya, na tonton wa pikipiki atakayekuletea barua hii. Mdogo wangu mwambie asivae viatu vyangu, nitajua.

Nasikia fimbo ya babu kolidoni. Inakuja huku. Safari hii siifichi. Naiacha mezani, wazi, na kalamu yake nyekundu kando.

Ukiona wino mwekundu humu, ujue kesho Papa Deo atajibiwa.

Mtoto wako mwoga,
Nsimire