Mtoto wa Mwalimu Halali Usingizi

Baba Mariamu, mume wangu,

Watu wote wa Wamaza wakipita kunipa pole wanasema neno moja: mwalimu amepumzika. Nawaitikia asante, na moyoni ninawaka. Umelazwa nyuma ya shapeli, hii nyumba ya sala uliyoijenga kwa mikono yako, na mimi sikuandikii kukulilia. Kulia nimelia. Leo nina hasira nawe, na kama sikuambii wewe, nimwambie nani?

Unakumbuka tulivyofika hapa kutoka Kasongo, wewe na sanduku la vitabu kichwani, mimi na Mariamu mgongoni? Watoto walikuja wenyewe. Ulikaa nao chini, ukawaimbisha, ukawaacha wacheke. Mvua ikinyesha mlichoma mahindi humo humo ndani ya shapeli, na hakuna aliyeona ni dhambi. Nilikupenda sana siku zile.

Halafu ukaitwa kwenye mkutano wa walimu kule Kabambare. Mzungu wa misioni akasifu shapeli ya mwenzako, kwamba watoto wake wanajua maneno ya Mungu kwa moyo kuliko watoto wote. Ulirudi mtu mwingine. Ukasema mzungu atakuja kuwasikiliza na wa kwetu kabla ya mavuno, na kwamba Mungu hatatiwa haya na watoto wa Wamaza. Mungu, Baba Mariamu, au wewe?

Na mpunga ulikuwa unaiva. Nani wa huku hajui maana yake? Ndege wanaamka na jua, na mtoto sharti awatangulie shambani, apande juu ya dungu, apige debe na kelele mpaka jioni. Mpunga wenyewe ni wa Leta, ndiyo serikali. Wazungu wa serikali ndio wanaotulazimisha kuulima, na ukiliwa, baba mtu anaitwa kujibu. Kwa hiyo wazazi walikukatalia watoto mchana. Wewe ukajiona una akili: utawachukua kabla ya ndege. Ukawa unagonga kile chuma chako cha kuwaitia nje bado giza, watoto wanakuja wanatetemeka kwa umande, wanakariri, kisha mbio mashambani. Huko wanasinzia juu ya dungu, ndege wanashuka. Baba zao wakawachapa kwa mpunga ulioliwa, na kesho yake wewe ukawachapa kwa neno walilolisahau.

Na neno gani? Lile la Yesu anayewaita waliochoka na kulemewa waje wapumzike kwake. Uliwafundisha watoto kupumzika kwa fimbo. Bibi Zuhura, jirani yetu Mwislamu anayeuza chumvi, aliniuliza kwa utani kama huyu Mungu wetu, kwa sababu yeye hasinzii, basi hataki na watu walale. Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikaona haya.

Usiseme sikukuambia. Ulikuwa na homa tayari, macho mekundu, na bado unakwenda kwa miguu kijiji hiki na kile kutafuta watoto zaidi. Nilikushika mkono mlangoni.

"Kazi ni ya Mungu," nikakuambia. "Wewe ulale leo. Yeye iko macho."

Ukautoa mkono wako polepole. "Muke wangu, nitapumzika mbinguni."

Jibu zuri la kumfunga mke mdomo. Ungemwuliza Mungu kama anataka upumzike huko tu.

Mzungu akaja. Ukamsimamisha Mariamu mbele ya wote, kwa kuwa ni mtoto wa mwalimu, mtoto aliyekuwa ametoka dunguni mbio na majani ya mpunga bado nyweleni. Akaanza vizuri, na ile sauti yake nyembamba. Kabla hajafika mwisho sauti ikazama, akaketi sakafuni akalala. Mzungu akacheka kidogo, akasema mtoto amechoka, aachwe. Hata yeye aliona! Wewe ukamnyanyua kwa mkono mmoja ukamtoa nje.

Hukumpiga. Heri ungempiga yakaisha. Ulimnyamazia. Akikuletea maji ya kunawa, unanawa bila kumtazama. Homa ilipokuangusha, nilimleta kitandani kwako nikakuomba umwambie neno moja tu, lolote. Ukageukia ukuta. Watu wananiambia ilikuwa homa, hukutusikia. Labda. Asubuhi ulikuwa umekwisha kwenda, na mtoto akabaki na ule mgongo wako.

Tangu tulipokuzika, Mariamu halali. Anakaa wima kwenye mkeka, anakariri lile neno midomo ikitikisika, kichwa kikianguka anajifinya. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikampa dawa ya usingizi niliyofundishwa na mama yangu. Mwishoni akaniambia mwenyewe.

"Mama, nililala, Baba akakufa. Nikilala tena, na wewe utakufa."

Huo ndio urithi uliomwachia. Uliwahangaikia watoto wa vijiji vyote, na wako ndiye huyu.

Wazee wa kanisa wameniomba niwashike watoto mpaka apatikane mwalimu mwingine. Nimekubali, na siku hiyo hiyo chuma chako nimekishusha. Watoto hawaji kwangu gizani. Mimi ndiye ninayewafuata mashambani. Napanda dungu lao, tunafukuza ndege pamoja, tunaimba, nawasimulia. Anayesinzia ninashika debe lake. Neno moja linatutosha juma zima, na wakilisahau tunaanza tena. Mzungu akija akakuta hawajui mengi, basi hawajui mengi.

Jana nilikuwa na Mariamu kwenye dungu letu. Nilimsimulia habari za Yesu aliyelala chomboni dhoruba ikivuma, na nikakumbuka kwamba wewe hiyo hukuwahi kuwafundisha. Nilimwambia ni mtumbwi kama ule wa kuvukia mto kule Nyangwe, maji yanaingia, watu wanapiga kelele, naye amelala. Mtoto akanitazama.

"Alilala, na watu hawakukufa?"

"Hawakukufa."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja, mama yangu," nikamwambia.

Akajiegemeza kwangu. Kichwa kikaanza kuanguka, na mara hii hakujifinya. Akalala mapajani mwangu, jua limepanda, mdomo wazi.

Ndege wakashuka, kundi zima. Debe lilikuwa mkononi mwangu, nami sikulipiga. Niliketi nikawatazama wakila mpunga wa Leta mpaka wakashiba. Kapita, msimamizi wa Leta, akija kuuliza, nitamjibu mimi.

Alipoamka jua lilikuwa linashuka. Kabla ya kusema lolote alininyooshea mkono, akanishika uso, akangoja mpaka akasikia pumzi yangu.

"Mama," akasema, "uko."

Hasira yangu haijaisha, Baba Mariamu, nitakuletea nyingine. Kwa leo ulale tu. Hakuna anayekuamsha.

Mke wako,
Mama Mariamu