Kapu la Mapapai

Mama Mghoi, mke wangu,

Pokea salamu za mumeo huku Garissa, mzima wa mwili ila moyo umenivimba. Wewe je, na tumbo lako? Mghoi ameacha kukohoa? Mimi jua linanichoma na vumbi nalila, lakini namshukuru Mungu.

Barua yako niliisoma nimeketi ndani ya lori la hospitali, nikairudia, nikashindwa kula. Umeandika, wala huoni haya, kwamba yule mpimaji damu wa zahanati amekuambia, "Mama, wewe umenona mpaka damu." Tena eti anakupitishia kapu la mapapai na mchicha kutoka shambani kwake. Mwanamume gani huyo wa kumwambia mke wa mtu amenona? Mimi niliyekuoa sijathubutu.

Nilitaka kuja siku ileile. Lakini tangu shifta walipovamia lori njia ya Wajir, likizo zimefungwa, na sisi madereva hatutoki mjini ila tukifuatana na askari. Basi nikabaki na wivu wangu, hata Halima, mkunga wetu, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaketi, kisha akanipeleka chumba cha kupimia. Damu za akina mama zilikuwa zimesimamishwa katika vichupa, zimetulia, wekundu chini na maji yake juu. Ya mwanamke asiye na mimba yalikuwa maangavu. Ya wenye mimba kubwa yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele.

Akaniambia, naandika kama anavyotamka, na walaal kwao Wasomali ni ndugu: "Walaal, mama akibata mimba, damu inanona. Hiyo ni akiba ya mtoto, si mabenzi."

Hata mapapai na mchicha akavitetea. Anasema mafuta mengi mwilini yanaweza kuchacha, kama samli iliyosahauliwa juani, na matunda na mboga ndivyo vinavyoyalinda. Huku wenzako wana maziwa ya ngamia na samli tele, lakini mboga ni mpaka lori lifike. Kwa hiyo kula, usiache.

Kwa lile neno nimemsamehe mpimaji. Ila kuna linaloniuma, na nisipokuambia wewe nitamwambia nani? Yeye ameiona hata damu yako, mimi tumbo lenyewe sijaliona. Mtoto wangu ananenepeshwa na shamba la mtu mwingine. Naona wivu, Mama Mghoi, na maelezo yote ya Halima hayajauondoa.

Msalimie mama yangu mzazi, na Mghoi umwambie babake anamkumbuka. Kaka yako mwenye duka mwombe awe anakuletea mapapai kila siku ya soko, shukrani zake nitamtolea nikija.

Na mpimaji mpe asante yangu, kwa heshima zote. Halafu mrudishie kapu lake. Lisilale nyumbani kwangu.

Mumeo anayekutamani,
Baba Mghoi