Fungu la Nywele za Osayo

Siku ya Joka, tarehe 11, mwezi wa tisa

Nimempokea mpwa wangu Osayo hapa Odawara. Ana cheti cha kupitia kituo cha ukaguzi cha mlimani, kimeandikwa mjini Edo anakofanya utumishi, mhuri mkubwa kama kiganja. Dada yangu Otatsu, mama yake, yuko Mishima ng'ambo ya mlima. Hali tena chakula. Nimemwambia binti asihofu — mimi mbeba machela wa miaka ishirini na sita! Mawe ya Hakone nayajua kwa nyayo. Mwaka wa tufani nilimpandisha mwanamieleka peke yangu, mgongoni, na njiani nikala wali.

Jioni nimemkata fungu la nywele kisogoni, tumelifunga hekaluni kumwombea mama yake. Alisita. Kauliza kama halitaleta taabu kituoni. Nikamcheka. Nimepita pale mara elfu tatu, hakuna aliyenigusa hata unywele.

Siku ya Nyoka, tarehe 12

Mvua. Mawe yanateleza kama samaki. Osayo amekataa machela, anasema mama yake anaumwa, yeye abebwe kwa lipi. Viatu vya majani vimemkatikia jozi mbili.

Alipovua kofia, mwenzangu Tokuzo alimwona kisogo. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama cheti kinasema amekatwa nywele. Nikamwambia atazame njia.



Siku ya Farasi, tarehe 13

Kumbe kituoni wanawake wana chumba chao cha kukaguliwa. Bibi mkaguzi anawafumua nywele, anapitisha vidole mpaka kwenye ngozi, analinganisha na cheti. Sikujua. Miaka yote mimi huinama langoni, napita.

Cheti kinasema nywele kamili. Nilisikia nikiwa nje, ukuta ni wa mbao.

"Nani kakukata, mwanangu?"

"Nimejikata mwenyewe, bibi."

Nami nimesimama na fimbo yangu.

Wamesema arudi Edo akaandikiwe kingine. Siku nane, labda kumi. Otatsu hana siku kumi.

Katoka nywele zimemwagika mabegani. Hakunilaumu — heri angenilaumu. "Nenda wewe, Mjomba. Wewe hawakuzuii. Mwambie niko njiani."

Nikainama langoni. Nikapita.

Sasa nimekaa juu ya jiwe, mteremko wa Mishima. Mapaa yanaonekana. Tokuzo anasema twende, mgonjwa hangoji. Najaribu kulisema neno lake kwanza peke yangu: Otatsu, binti yako yuko njiani. Otatsu, binti yako — halitoki. Tokuzo kaita tena.