Ujira wa Kumtunza Bi Rukia

Kibokoni, Mvita

Kwa mamangu mzazi, Bi Mwanamkuu, huko Siyu.

Mama, mkono wako naubusu kutoka huku niliko, kwanza kwa heshima, kisha kwa shauku. U hali gani? Goti lako limekubali kukunjika, au bado waswali kwa kukaa? Na mwanangu Zainabu, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Kilalamikacho ni mgongo tu, na sababu yake utaisikia humu.

Yale maneno uliyomtuma mjomba Bakari safari ile yalinifika sawasawa. Alisimama mlangoni, akakataa hata maji, akasema: "Mamako asema, ikiwa Mombasa yakupa chakula tu, chakula hata Siyu kiko. Rudi." Sikukasirika, mama. Ulikuwa na haki. Binti ameacha mtoto wake kwa mama mtu mzima, akaenda mji mkubwa kufanya kazi, na kinachorudi ni salamu. Sasa mjomba amekuja tena, na mara hii simrudishi mikono mitupu. Lakini kabla hujafungua mzigo nataka usikie ulivyopatikana. Mimi nasema na Bi Rukia ndiye aandikaye, kwani wangu mkono haujui kalamu. Basi ukisikia nimemsema, ujue ameliandika mwenyewe na hakulifuta.

Bi Rukia ndiye niliyeletwa kumtunza. Amenizidi umri kidogo. Homa ilimshika alipokuwa kigori, na ilipomwacha ilikwenda na miguu yake. Kiunoni kwenda chini hana nguvu, hata kujigeuza kitandani hawezi. Lakini kichwa chake, mama, na ulimi wake! Wasichana wa mtaa huja asubuhi kusoma Kurani kwake, na akikosea mmoja herufi, hata Bi Rukia awe yuasinzia, hushtuka kama aliyechomwa mwiba.

Kazi yangu ni kuwa miguu yake. Alfajiri namshika kwapani, namwegemeza kifuani pangu, namtoa kitandani na kumpeleka chooni. Namwosha, kisha namkausha vizuri kila pahali pa kukunjika, kwani pakibaki maji pachubuka. Namkanda miguu kwa mafuta ya nazi, namvisha, namketisha dirishani. Usiku naamka kumgeuza, upande huu na upande huu. Nisipomgeuza hutoka kidonda cha kulalia, na kidonda hicho kimezika watu. Kabla yangu alikuwako mwanamke mwengine. Alichoka akaenda zake, na kabla sijapatikana mimi Bi Rukia alikaa bila mtu wa kumgeuza. Nilimkuta na tundu mgongoni ambalo sitalitaja ukubwa wake usije ukakosa usingizi. Lilipona, kwa uwezo wake Mola na kwa mikono hii.

Nyumba ni ya marehemu baba yao. Wakaa humo Bi Rukia, na kakake Bwana Seif, na mke wa kaka, Bi Saida, na watoto wao. Bwana Seif ni karani wa mizigo huko Kilindini. Si mtu mbaya, nataka ulijue hilo mapema. Hajapata kunitukana. Siku niliyofika aliniambia, "Mwana Esha, usijione mgeni hapa, wewe ni mwanetu." Nilifurahi, mama. Sikujua kuwa neno lile lina mlango wa nyuma. Kila nilipotaja mshahara alicheka kwa upole akasema, "Mtoto wa nyumbani hudai mshahara?" Mpishi alilipwa. Dobi alilipwa. Mchota maji alilipwa mkebe kwa mkebe. Mimi nilipewa chakula, nguo ya Idi na dua.

Nilistahimili wakati wa vita, kwani kila mtu alistahimili. Vita vikaisha, lakini bei hazikupata habari. Ndipo siku moja mke wa Karimbhai aliponiita. Karimbhai ni Mhindi mwenye duka la nguo hapa chini, ndani ya nyumba hii hii. Mkewe alikuwa ataka yaya wa mjukuu wake.

"Mtoto mmoja tu, mwepesi," akanambia. "Usiku walala usingizi wako. Mshahara kila mwisho wa mwezi. Fikiri."

Nilipanda ngazi kichwa chazunguka. Kitoto cha kubeba kwa mkono mmoja kina mshahara, na mtu mzima ninayemwinua kwa kiuno changu hana. Nikamkuta Bi Rukia angojea kukandwa. Nikaanza kumkanda, machozi yakanitoka, nikamweleza yote. Nikamaliza kwa kusema, "Lakini sikwendi, Bi Rukia. Nani atakugeuza? Nakuonea huruma."

Akautoa mkono wangu mguuni pake.

"Usinikande kwanza. Nisikize. Hiyo huruma yako ndiyo inayonifunga mdomo. Wajua kuwa maji ya kuoga wayapasha moto sana?"

"Mbona hukunambia?"

"Nitakwambiaje? Mtu akaaye kwa huruma haambiwi kitu. Hushukuriwa tu. Waniunguza nashukuru, wanichelewesha chooni nashukuru, nakuogopa usije ukaenda. Mtu aliyelipwa haki yake ningemwambia, 'Mwana Esha, maji yamoto haya, punguza,' na yeye angepunguza, na kila mmoja wetu angelala kwa amani. Mimi sitaki mtu wa kunihurumia. Nataka mtu wa kazi."

Mama, sikuwa nimefikiri hata siku moja kuwa kutolipwa kwangu kulikuwa kwamuunguza yeye.

Kisha akasema, taratibu, kama mtu ahesabuye tasbihi, "Duka la Karimbhai li ndani ya nyumba ya babangu. Nami nina fungu langu katika mali ya babangu. Kodi yaingia mfuko mmoja tu, wa Seif. Sijapata kuuliza, kwa kuwa alishwaye huogopa kuuliza. Leo nitauliza."

Baada ya magharibi akamwita kakake. Bi Saida naye akaja akasimama mlangoni. Bi Rukia akataka fungu lake la kodi, bila kupiga kelele.

"Rukia," akasema Bwana Seif, na niliona kweli ameumia, "umelala na njaa siku gani katika nyumba hii?"

"Hakuna."

"Umekosa nguo?"

"Sikukosa."

"Basi fungu la nini?"

"La kumlipa Mwana Esha."

"Mwana Esha ni mwanetu!"

Bi Rukia akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini. Nikasema, "Bwana Seif, kama mimi ni mwanenu, nirithisheni. Kama si mwanenu, nilipeni. Hapa katikati sina pa kukaa."

Bi Saida akashika kinywa. Bwana Seif akakohoa akasema kwamba ujira wa kumtunza mgonjwa uko kwa Mwenyezi Mungu, nao ni mkubwa kuliko wa wanadamu.

"Na wako uko wapi?" dadake akamuuliza. "Ulipokwenda na makarani wenzio kudai nyongeza, mzungu wenu akawaambia mstahimili, mlimjibu kuwa thawabu yatosha? Uliniambia mwenyewe, hapo ulipokaa, kwamba thawabu haijazi kibaba."

Bwana Seif akainuka. Akasema tungoje, watoto wake wanne hawa watakula nini, atalitazama siku nyingine.

"Basi nitakwenda kwa kadhi," akasema Bi Rukia.

Kakake akacheka kidogo. Si kwa dharau, mama, ni mtu aliyechoka tu. "Utakwendaje?" akasema, akashuka.

Neno hilo ndilo lililomuuma Bi Rukia. Usiku wote nilipomgeuza nilimkuta macho. Asubuhi akanituma sokoni Marikiti nimtafute Mutiso, Mkamba mmoja mkristo ambaye hutuletea makaa kwa mkokoteni wake. Akaja mpaka mlangoni. Nilipomwambia mzigo ni nini, akavua kofia.

"Mama, mimi napakia viazi na ndizi. Mtu sijapakia. Akivunjika je?"

Bi Rukia alikuwa dirishani juu. "Viazi vyako vyaweza kukwambia pole pole?" akamwuliza. "Mimi nitakwambia."

Nikamfunga mgongoni kwa leso kama mtoto, nikateremka ngazi moja moja, huku nimeshika ukuta. Bi Saida alikuwa nyuma yetu akisema, "Mtatuaibisha! Binti wa nyumba hii kwenye mkokoteni!" Mutiso akageuza uso mpaka nilipomketisha juu ya mkeka na mito na kumtengeneza buibui lake. Kisha tukaenda. Bi Rukia hakuwa ametoka nje ya mlango ule tangu jeneza la babake litoke. Nilidhani atajificha uso. Alikuwa asoma vibao vya maduka kwa sauti, mama, kimoja kimoja.

Bwana Seif hakuwa na zamu siku hiyo. Alikuwa kwenye baraza la kona na wenziwe, wanywa kahawa. Mkokoteni ulipopita, vikombe vilisimama hewani. Akaja mbio.

"Rukia! Rudi nyumbani tuzungumze."

"Nyumbani tumezungumza."

"Watu watazama!"

"Waache watazame. Uliniuliza nitakwendaje. Hivi."

Mutiso akasimama, hajui amsikilize nani. Bwana Seif alisimama hapo, jasho lamtoka, wazee wa baraza wamtazama. Nilidhani ataushika mkokoteni na kuugeuza. Akaushika kweli, lakini mbele pale mawe yalikuwa mabaya, na gurudumu lilikuwa limeinama upande wa dadake. Akauinua, Mutiso akasukuma, tukapita. Baada ya hapo hakuuachilia tena mpaka tulipofika kwa kadhi.

Kadhi hakuuliza mengi.

"Kodi ya duka hupokea nani?"

"Mimi," akajibu Bwana Seif. Hakusema uwongo, na hilo naliweka katika mizani yake.

"Na fungu la dadako?"

"Namlisha, shehe. Namvisha."

"Sikukuuliza chakula. Chakula ulichompa ni wema wako, hakifuti haki yake. Nimekuuliza fungu lake."

Bwana Seif akainamisha kichwa. Kadhi akaamua kwamba Karimbhai amtie Bi Rukia mwenyewe fungu lake mkononi, na mkono wa kumlipa mtu wake uwe ni huo huo. Akamkumbusha Bwana Seif habari ya kumpa mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka, ambayo hata watoto wa chuo cha Kurani waijua. Kisha akanigeukia mimi akanitaka nitaje mshahara nitakao. Nikaona haya, nikataja kidogo.

"Astaghfirullah," akasema Bi Rukia. "Taja ule wa mke wa Karimbhai, kisha uongeze wa usiku. Mjukuu wake hageuzwi."

Hata kadhi akacheka. Ukawa huo, pamoja na Ijumaa yangu kutoka adhuhuri mpaka magharibi.

Tuliporudi, niliinama mlangoni ili Bi Rukia afungwe mgongoni pangu. Bwana Seif akaniambia, "Ngoja." Akamwinua dadake kwa mikono yake miwili, akaanza kupanda. Katikati ya ngazi akasimama, ameegemea ukuta, pumzi zamwenda mbio.

"Kumbe u mzito, Rukia."

"Si mzito," akasema. "Ngazi ndiyo ndefu. Mwana Esha aijua."

Akamshika upya vizuri, kisha akamalizia kupanda. Alipomlaza, alikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu, akamuuliza habari ya vile vibao alivyovisoma njiani. Nikawaacha.

Sikudanganyi kuwa yote yamenyooka. Karimbhai huchelewesha kodi. Mimi na Bi Saida hatujawa marafiki. Ijumaa ya kwanza alipoachiwa kumtunza wifi yake, nilirudi nikamkuta leso imerowa, kilemba kimefunguka, amejishika kiuno. Hakunisalimu. Baada ya kitambo akaniuliza, bila kunitazama, "Wamgeuzaje bila kumvuta?" Nikamwonyesha. Na mtaani wako wasemao nimemharibu bibi wa watu. Lakini amekuja pia mwanamke amtunzaye mzee kipofu mtaa wa pili, akakaa nami jikoni, akataka nimwambie tulianza kwa neno gani.

Hapa Bi Rukia ameweka kalamu chini, asema nikuambie maji siku hizi ni ya kadiri.

Mama, sirudi sasa. Katika mzigo aliobeba mjomba mna doti ya leso zako, mafuta ya goti, nguo ya Zainabu na viatu, na pesa nilizofunga katika kitambaa cheusi. Pokea bila wasiwasi, si za kukopa wala za kupewa. Mtie Zainabu chuoni, nitalipa ada.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, mwambie simlaumu kwa aliyoyasema nilipoondoka. Nisalimie shangazi mkunga, niliyezaliwa mikononi mwake. Nisalimie jirani yetu msuka mikeka, na maalim anayekusomea barua hii, naye asiruke pale pa kadhi. Bi Rukia akuamkia kwa heshima zote.

Na Zainabu akiuliza mamake yuko wapi, msimwambie niko kwa watu. Mwambieni niko kazini.

Ni mimi mwanao akupendaye na akuombaye radhi,

Mwana Esha