Alama Ndani ya Kifuniko cha Saa ya Baba

Kashaulili,
Mpanda.
16 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Nashon,

Tumsifu Yesu Kristo. Naanza na salamu kwa sababu tumelelewa hivyo: hata aliyekuja kugomba hupiga hodi kwanza. Hujambo huko Mtwara? Wifi yangu Cecilia anaendeleaje na mgongo wake? Korosho zenu zimekaaje safari hii? Sisi huku tupo. Mvua zilikatika mapema na shamba langu la Kasokola likatoa nusu ya mahindi niliyoyategemea, lakini hatujalala njaa. Macho bado yananitii, namshukuru Mungu, maana fundi saa asiye na macho ni muuza vyuma chakavu tu.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu, tukishafika kwenye habari za baba, mtandao wako hukatika. Karatasi haikatiki. Ukikasirika iweke pembeni, unywe maji, kisha uendelee mpaka mwisho.

Kwanza nikushukuru kwa mtoto. Prisila alipopangiwa kufundisha Kasokola nilidhani atanisalimia mara moja kwa adabu kisha aniepuke kama mnavyoniepuka wengine wote. Kumbe wapi! Anakuja kila Jumamosi, anaosha vyombo bila kutumwa, ananiita shangazi sokoni mbele za watu. Nimegundua kuwa nyumbani kwako hamkumwambia mimi ni mtu wa namna gani. Kama ni wema, asante. Kama ni woga, nao umenifaa.

Sasa, mwezi uliopita alikuja na kitu amekifunga kwenye leso, akakiweka mezani kwangu katikati ya saa za watu. "Shangazi, baba alinipa hii nilivyokuwa nakuja huku. Ya babu. Ila siielewi, nikiilaza inatembea, nikiivaa inasimama. Si uiangalie?"

Nashon, karibu miaka tisa sikuwa nimeishika saa ile. Nilimwambia aende akaninunulie vitunguu, ili nibaki nayo peke yangu.

Aliyepiga husahau, aliyepigwa hubaki na kovu, kwa hiyo acha nikukumbushe. Baba alipewa saa ile alipotimiza miaka ishirini na mitano ya ukatekista, na tangu siku hiyo kigango chetu kule Karema kiliishi kwa saa yake. Akiiangalia, anachukua nyundo, anagonga ile ringi ya lori iliyoning'inizwa nje ya kanisa, na watu wanaacha majembe. Mwaka 2016, mwezi wa saba, aliniletea mwenyewe niisafishe. Niliifungua, nikaiosha, nikatia mafuta, ikatembea bila kupoteza hata dakika moja kwa siku. Alinisifu mbele ya wateja. Mtu aliyekuwa akisema mkono wa mwanamke ni wa mwiko wa ugali, siku ile alisema mkono wangu umemshinda marehemu mume wangu aliyenifundisha kazi. Nililia alipoondoka.

Krismasi ile ukaja wewe na familia. Baada ya mwaka mpya ukaja mjini siku mbili, kumbe na saa ya baba mfukoni, kisha ukarudi kijijini ukampa baba saa yake ukisema Theopista ameisafisha tena. Jumapili akailinganisha na redio kabla ya ibada, kama desturi yake, na mara moja kwa wiki ilikuwa inamtosha. Jumatatu wewe ukapanda basi lako.

Jumanne ulikuwepo ule msiba wa mtoto mchanga. Walikubaliana kuzika saa kumi, ili bibi yake mzaa mama awahi kufika kwa mtumbwi kutoka Ikola. Saa ya baba ilipoonyesha saa kumi, baba aligonga ringi, akaongoza sala, wakafukia. Kumbe ilikuwa bado saa tisa. Saa ilikuwa imekimbia saa nzima kwa siku mbili. Wenye simu walikuwepo, tena wengi, lakini nani angembishia katekista na saa yake? Bibi alishuka kwenye mtumbwi na kanga ya kumfunikia mjukuu, akakuta wanapanga mawe juu ya kaburi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mlikuwa mnawahi wapi?"

Baba aliirudisha nyundo jioni ileile. Hakuna aliyemfukuza. Alisema mtu aliyemnyima bibi uso wa mjukuu wake hawezi kuwaita watu kusali.

Halafu akanipigia mimi. Nikamwambia, baba, mimi saa yako sijaigusa tangu mwezi wa saba. Akakupigia wewe. Nawe ulijibu, na mama alikuwa anasikia kwenye spika: "Nilimpa Theo mwenyewe mkononi." Basi. Neno langu likalala chini, lako likasimama, maana wewe ndiwe mtoto wa kiume na mimi ni mjane wa sokoni. Nilimwomba aniletee niifungue mbele yake. Akasema hairudi tena mikononi mwangu.

Unakumbuka jinsi alivyokuwa akinitumia samaki, wale migebuka, kila mwisho wa mwezi kwa kondakta wa basi la Karema? Iliisha mwezi ule. Nilikuwa naenda stendi kumpokea kondakta, anatikisa kichwa, mpaka nikaacha kwenda. Baba alikufa mwaka uliofuata akiwa anaitika salamu yangu kama anavyoitika ya mpita njia. Siku ya kuondoa matanga saa ukapewa wewe, na shangazi yetu akasema kwa sauti kwamba angalau iende kwa mtu asiye na mkono mbaya. Ulikuwa umekaa hatua tatu kutoka kwangu, unatazama kucha zako.

Sasa sikiliza kazi yangu, maana ndiyo iliyosema.

Niliitia saa ufunguo, ukajaa vizuri, kwa hiyo ugonjwa haukuwa kwenye springi kubwa. Nikaisikiliza sikioni. Saa iliyo nzima hutembea kama mtu mwenye miguu miwili sawa. Hii ilikuwa inachechemea. Nikailaza, inatembea. Nikaishika wima, inakwama. Hapo fundi yeyote anajua: ni balansi, lile gurudumu dogo linaloyumba huku na huku na kuigawia saa mwendo wake. Ama ncha zake zimeliwa, ama halikuzaliwa humo.

Halikuzaliwa humo. Nilipotia lenzi jichoni niliona gurudumu jepesi la saa nyingine kabisa limelazimishwa mahali pake. Ile springi yake nyembamba kama unywele ilikuwa imekatwa ikawa fupi, na mizunguko yake ya nje inagusana. Springi ikifupishwa balansi huyumba haraka, na saa hukimbia. Kijiwe chekundu kinachobeba ncha ya juu kilikuwa na ufa. Hiyo si saa iliyochakaa. Hiyo ni saa iliyoanguka, ikavunjika mhimili wa balansi, na mtu akaiponya kwa haraka.

Sasa kuna jambo ambalo wewe na digrii yako hukulijua. Fundi akifungua saa, kabla hajaifunga hukwaruza alama yake kwa ncha ya sindano ndani ya kifuniko cha nyuma. Mvaaji haioni. Ni desturi yetu, ili fundi atakayefuata ajue nani alipita na lini. Niligeuza kifuniko. Kulikuwa na alama mbili za mafundi wa zamani nisiowajua. Kulikuwa na yangu, T 7.16. Chini yake kulikuwa na nyingine: L 4.1.17.

Herufi ile naijua. Ni ya Lyamba, fundi redio wa pale stendi, ambaye saa huwa anazigusa kwa shida tu. Kutoka meza yake mpaka yangu hata jasho halikutoki. Nilikwenda na saa mkononi. Alipoiona aliweka chini chuma chake cha kulehemia akanitazama kwa huruma.

"Da Theo, hii nilijua ipo siku utaniuliza. Kaka'ako alikuja mbio mbio, kasema imemdondoka kwenye sementi, na mzee anaitaka kesho. Nikamwambia mpelekee dada'ako, hiyo ndo kazi yake. Akasema we uko shamba. Akanibembeleza nisikwambie."

Shamba! Tarehe nne Januari nilikuwa mezani kwangu kutwa nzima. Jioni yake ulikuja kula ugali kwangu, ukanisifia mchuzi.

Lyamba sina la kumlaumu. Hakuwa na vifaa, na alama yake aliiweka kama mtu mwaminifu. Tena fundi hatupi kitu: alifungua kopo la maziwa lililojaa skrubu, akachakura, akanipa balansi ya baba na springi yake, amezifunga kwenye karatasi ya sigara. Mhimili umekatika ncha, gurudumu zima.

Nilifanya kazi siku nne. Katika saa mbovu za marehemu mume wangu nilipata ya aina ileile, nikachukua mhimili na kijiwe. Kuutoa mhimili wa zamani bila kupinda gurudumu ni kazi ya kuzuia pumzi. Niliinyoosha springi kwa kibano, mzunguko kwa mzunguko, mara mbili nikakosea nikaanza upya. Nilipoirudisha balansi mahali pake iliguswa na hewa tu ikaanza kuyumba yenyewe. Nimeilinganisha na simu ya Prisila wiki nzima: inapoteza nusu dakika kwa siku. Saa ya baba imepona, na mimi ndiye niliyeiponya.

Nimekuwa nikijiuliza swali moja tu. Kwa nini hukuniletea mimi? Nilikubeba mgongoni mpaka ukaota meno. Ulipovunja mtungi wa bibi nilipigwa mimi. Ungesema tu, dada, imenidondoka, nifichie. Ningekaa nayo mpaka asubuhi, ungeondoka na saa nzima, na baba angekufa bila kujua. Ningekufichia, Nashon. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe. Uliniogopa kama mtu baki.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imekuwa na miaka minane na imepita juu yangu.

Sikuandika haya ili nikutukane, ingawa nakiri kuwa nimekutukana sana nikiwa peke yangu na kibano mkononi. Naandika kwa ajili ya mama. Kile kidonda cha mguu nilichokueleza mwezi wa tatu kimefika kwenye mfupa. Sukari haishuki. Mganga wa zahanati amesema mama anatakiwa aletwe mjini, asafishwe kidonda kila siku, la sivyo kabla ya Septemba mguu utakatwa, na mwenye umri wake hujui kama ataamka kwenye meza ya upasuaji. Nyumba yangu ina chumba na kitanda nimeshatandika. Mama hataki. Anasema hawezi kulala chini ya paa la aliyemwaibisha mume wake mbele ya kaburi la mtoto. Anasema atasubiri mwanaye wa Mtwara aje amchukue. Na wewe kila mwezi unamwambia, mwezi ujao.

Prisila sijamwambia kitu. Mtoto hana kosa, na anakupenda. Saa nimemrudishia, ameivaa, anaifurahia. Akijua, ajue kwa mdomo wako.

Lyamba naye anakusalimia. Msalimie sana wifi Cecilia, umwambie dawa ya kuchua mgongo nitampa Prisila ailete akija likizo. Wasalimie watoto wote hapo nyumbani. Mungu awalinde, awape afya, na awape watoto wenu kupendana kuliko tulivyopendana sisi.

Najua utasema: dada, si una alama, si una Lyamba, nenda kamwonyeshe mama mwenyewe. Nimekwenda. Jumapili iliyopita nilipanda basi la Karema, na saa niliiazima kwa Prisila. Nilikaa karibu na mama nikafungua kifuniko, nikamweleza yote, neno kwa neno. Macho yake yamefifia, Nashon, sukari imeyala; hata uso wangu alikuwa anautafuta kwa sauti. Alichukua kifuniko akakipapasa kwa kidole gumba, taratibu, mara mbili. Akanirudishia.

"Mikwaruzo tu hii," akasema. "Nashon anasemaje?"

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, ambaye bado anakupenda,

Theopista.