Mkono Uliochelewa Kufunga Dau

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya mafunzo. Chumba hakina dirisha wala saa ya ukutani. Sare ni shati jeupe na suruali nyeusi, mifuko yote imeshonwa isifunguke. Nilitaka kuingiza mkono mfukoni kwa mazoea, nikaonekana mshamba.

Mkufunzi ndiye pia msimamizi wa meza. Wafanyakazi wanamwita Viganja, maana neno hilo haliishi mdomoni mwake. Ukiondoka mezani, kung'uta viganja, vigeuze, kamera ivione. Hata kama unakwenda kupiga chafya.

Ruleti yenyewe: namba moja hadi thelathini na sita, nyekundu na nyeusi, pamoja na sifuri ya kijani. Gurudumu linazunguka huku, kipira kinarushwa kule. Ukiweka chipu, kile kisahani cha plastiki cha badala ya pesa, juu ya namba moja pekee na ikatoka, unalipwa mara thelathini na tano. Ukiiweka juu ya mstari kati ya namba mbili, mara kumi na saba. Kwenye kona ya namba nne, mara nane. Ukichagua rangi, unapata sawa na ulichoweka – ila ikitoka sifuri, rangi zote zinaliwa.

Niliuliza: vijumba vya gurudumu ni thelathini na saba, kwa nini namba moja isilipe thelathini na sita? Viganja akacheka. Hiyo inayopungua ndiyo mshahara wako, binti.

Mama nimemwambia niko hotelini. Si uongo, kasino iko ndani ya hoteli. Kwamba niko mapokezi, ameongeza mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Kosa langu: nafunga dau mapema. Kipira kikianza kulegea, unapitisha mkono juu ya meza na kusema, dau limefungwa. Baada ya hapo hakuna anayegusa kitambaa. Mimi mkono unapita kipira kingali mbio. Viganja anasema nafukuza wateja kama kuku. Ila ukichelewa ni hatari zaidi – mtu anaweka chipu huku anaona kipira kinaelekea wapi.

Na kanuni moja kaisema mara mbili. Ndugu hachezi unapofanya kazi. Mzazi, mume, shemeji, yeyote. Ukimwona, sema papo hapo. Ukificha, mnatoka wote wawili. Kipindi changu cha majaribio kinaisha tarehe 21.

Jumatano, 12 Machi

Meza ya kweli, zamu ya mchana. Kila mchezaji na rangi yake ya chipu, tusichanganye. Kuna mzee anaweka sifuri tu, kila mzunguko. Wanamwita Mzee Sifuri. Aliniambia, mjukuu wangu, mimi na hii sifuri tumezeeka pamoja, siwezi kuiacha sasa.

Nimewapa wenzangu kadi za harusi ya mdogo wangu. Jumamosi ya tarehe 22. Viganja aliipokea yake kwa mikono miwili. Akauliza kama kuna keki.

Alhamisi, 13 Machi

Amekuja.

Mchumba wa mdogo wangu. Yule mfamasia mpole, ambaye kwetu anavua viatu mlangoni hata akiambiwa asivue. Alikaa upande wa pili wa meza, akainua macho, akaniona. Nikamwona. Alisukuma pesa, nikampa chipu za bluu. Mikono yangu ilifanya kazi yenyewe.

Anaweka kumi na tisa. Wakati mwingine kwenye kona, kumi na tisa na jirani zake watatu. Mara nyingi juu ya namba yenyewe. Mdogo wangu alizaliwa tarehe kumi na tisa.

Sikumwambia Viganja. Nimejijibu hivi: bado si shemeji. Atakuwa shemeji Jumamosi ya wiki ijayo. Kanuni haisemi "mtarajiwa".

Najua ninavyojidanganya.

Jumatatu, 17 Machi

Kaja tena. Meza nyingine zipo, kachagua yangu. Alipoteza yote bila kubadilika uso. Wakati wa kuondoka akamwambia Mzee Sifuri, hii ni namba ya mchumba wangu, siku moja itanikumbuka. Mzee akamjibu, mchumba anayekukumbuka yuko nyumbani, mwanangu, huku hakuna.

Nilicheka pamoja na meza nzima. Viganja naye alikuwa amesimama nyuma yangu, akacheka.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya kuzaliwa ya mdogo wangu, na siku ya kujaribu gauni. Fundi alikuwa na pini mdomoni, anaguna tu. Mdogo wangu akalalamika kwamba mtu wake kila mchana yuko kwenye semina ya dawa mpya hotelini, hata simu hapokei. Akaniuliza, dada, wewe hapo hotelini hujawahi kuona semina hiyo?

Nikasema hoteli ni kubwa.

Mama akasema mwanamume anayesoma mpaka wiki ya harusi ni wa kuombea dua. Fundi akaguna. Nilitoka nje nikidai joto.

Kesho sina zamu. Nitamtafuta dukani kwake, nimwambie uso kwa uso. Aache, la sivyo nitasema.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeenda. Duka limefungwa. Kijana anayeshona viatu jirani anasema siku hizi linafungwa saa sita mchana.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nikiwa kwenye chumba cha mapumziko. Nimeondolewa mezani. Daftari lilikuwa kabatini kwangu.

Nipange mambo kama yalivyokuwa.

Shemeji mtarajiwa alifika, akanunua rundo moja la chipu za bluu. Alikuwa hajanyoa. Nilizungusha gurudumu, nikarusha kipira. Wengine wakaweka. Yeye hakuweka, alikuwa ananitazama mimi. Nami nikamtazama – na mkono wangu, huu unaofukuza kuku, haukupita. Kipira kikaanza kugongagonga. Hapo ndipo akasukuma rundo lote kwenye kumi na tisa.

Kikaangukia kumi na tisa.

Mzee Sifuri akapiga makofi. Jamaa wa chipu za njano akasimama: huyu kaweka mpira umeshaanguka, na huyu dada kamwachia! Viganja akaja. Mtu asiguse chochote. Akaniuliza, ulishafunga? Nikasema, sikuwa nimefunga, bosi. Ni kweli tupu. Ndiyo inayonimaliza.

Kisha akamgeukia mwenye chipu za bluu. Bwana, mnafahamiana na huyu?

Akajibu bila kupepesa macho: simjui huyu dada.

Nikakung'uta viganja, nikavigeuza, nikatoka.

Viganja yuko juu anatazama kamera. Akishuka ataniuliza swali lile lile. Nikisema namjua, kazi imekwisha, na usiku huu itabidi nimweleze mdogo wangu yaliyonitoa kazini. Nikisema simjui, napona leo. Kesho saa nne Viganja atakaa kwenye viti vyetu, na kadi yetu mfukoni, anangoja keki, bwana harusi aingie.

Na mdogo wangu atakuwa pembeni ya bwana harusi wake, hajui kitu.

Hatua kwenye ngazi.

Ameingia. Amevuta kiti. Ameniona ninaandika, akasema nimalize sentensi niliyoanza, halafu nimjibu.

Naandika polepole.