Uzi Ule Haukukosewa

Lutindi, Korogwe

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na mvua imewakumbuka huko Handeni, maana huku milimani inanyesha mpaka tunaichoka. Mimi ni mzima. Naandika tena ulisome vizuri: mzima. Mume wangu Rajabu naye hajambo, ila tangu umpigie simu Jumapili anakula kama mtu aliye msibani.

Nimeandika kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti ya juu. Sijamaliza kusalimia, shangazi kadakia, jirani kadakia, mara salio limekwisha. Barua haidakiwi.

Uliniomba vipimo vya sare ya harusi ya mdogo wangu Saumu, nikakutumia uzi kama tulivyozoea: fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu nyonga. Ulipouona ukasema nimekosea. Ukamwambia fundi akate kwa kipimo cha gauni langu la kuagwa, kisha ukampigia Rajabu: "Unamlisha nini mwanangu? Kama umemchoka sema, nimtume kaka yake amfuate!" Yeye akabaki na "ndiyo mama, ndiyo mama," mtoto wa watu.

Mama, uzi ule haukukosewa. Nimepungua kwa kutaka mwenyewe.

Unajua nilivyopokelewa huku. Mama mkwe aliniweka ndani miezi mitatu, jembe nalisikia tu likilima. Asubuhi chai ya maziwa na maandazi, mchana makande, jioni ndizi za nazi, na nikiacha kidogo ananiuliza kama chakula chake kina kasoro. Nilipokuja kukutembelea mkanipigia vigelegele: ndoa imemkubali! Nami nikafurahi, sikatai. Ila viatu nilikuwa navishwa na mume, kuinama siwezi.

Halafu siku moja natoka sokoni na gunia la mchele kwenye bodaboda. Mlima ulipokaza, pikipiki ikakohoa, dereva akasimama. Nikadhani atashusha gunia. Akaniambia, "Dada, shuka wewe. Gunia libaki." Nikapanda kwa miguu, napumzika kila kona. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akanipita, akageuka kwa huruma: "Pole mwanangu. Huyo wa ngapi?" Mama, tumboni mlikuwa na maandazi tu! Nilikaa kwenye jiwe nikalia, na sikulia kwa uchovu.

Kesho yake nikaenda zahanati. Nesi akapima presha, akapima tena, akaniuliza nina umri gani. Akasema nikiendelea hivyo nitaanza vidonge kabla sijabeba mimba ya kwanza.

Basi nikarudi shambani. Sukari nimeacha, na Rajabu ameacha pamoja nami, ingawa yeye chai isiyo na sukari anaimeza kama dawa. Bodaboda siku hizi inabeba gunia peke yake kwa hiari yangu. Mama mkwe alinuna wiki nzima, akisema majirani watadhani ananinyima. Nikamwambia wadhani. Huko kwenu nasikia wameshanipa ugonjwa, na wengine wameshamkabidhi Rajabu mke wa pili. Nao pia wadhani.

Najua utasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu, mama, linapanda Lutindi bila kusimama. Usimtume kaka Athumani kunifuata. Akija kutusalimu karibu sana, nitampokea barabarani tupande wote, tuone nani atakayeomba maji. Handeni nitakuja kwenye harusi, na nitarudi huku na mume wangu. Na ukikutana naye hapo, naomba umsalimie kama mkweo, si kama mshitakiwa.

Nisalimie baba mdogo aliyeniozesha, mwambie sijutii. Msalimie shangazi mpishi wa pilau, nitakula sahani yake moja, moja tu, asinisukumie ya pili. Mbusu bibi harusi wetu Saumu. Na fundi mwambie akate kwa mafundo. Akipanua, nitavaa kanga zangu na mstari wa mbele nitacheza vilevile.

Ndani ya bahasha nimetia nyuzi mbili. Mwekundu ni wangu, nimejipima upya mbele ya mama mkwe ili msiseme nimekosea tena. Mweupe hauna fundo. Huo ni wako. Nilipokuja mara ya mwisho nilikuona unasali umekaa kwenye kiti, nikajifanya sijaona, na tangu siku hiyo roho yangu haijatulia. Uzungushe kiunoni, funga fundo, unirudishie. Kasirika ukitaka, lakini ufunge. Nataka nikizaa uweze kuupanda mlima huu kwa miguu yako uje kunilea.

Mwanao, mzima,
Mwajuma